Mfumo Mkavu na Mfumo Mbichi: Gesi ya Naitrasi Oksaidi katika Magari ya Kasi Jijini Nairobi

Utangulizi

Anayepita Barabara ya Kirinyaga katikati ya jiji la Nairobi, ile ambayo wakazi wa zamani wangali wanaiita Grogan, hujikuta kati ya maduka ya vipuri na mafundi walioinamia boneti zilizofunguliwa kando ya njia. Lugha inayotumika hapo kueleza ugonjwa wa gari na tiba yake ni Kiswahili, kiwe sanifu au kiwe kimechanganyika na Sheng. Hali ni hiyo hiyo magharibi mwa jiji, katika gereji za Barabara ya Ngong, Dagoretti Corner na Kangemi. Hata hivyo, vijitabu vya maelezo vinavyofungashwa pamoja na vifaa vya kuongezea injini nguvu huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kijapani. Fundi huvisoma kwa lugha moja na kumweleza mteja kwa lugha nyingine, na kwenye kivuko hicho baina ya lugha mbili ndipo kosa linapopata nafasi ya kuingia.

Makala haya yanakusudia kufafanua suala moja ambalo kosa lake huwa ghali mno, nalo ni uchaguzi kati ya mfumo mkavu na mfumo mbichi wa gesi ya naitrasi oksaidi katika magari ya kasi. Hoja kuu ya makala ni kwamba tofauti ya mifumo hii miwili haihusu gesi hata kidogo. Inahusu petroli: nani anaileta, kwa njia gani, na kwa kipimo gani. Anayeelewa hivyo anaweza kuchagua vyema na kutafsiri vyema. Asiyeelewa anaweza kuyeyusha pistoni kwa sababu ya kivumishi kimoja tu.

Gesi na kazi yake

Naitrasi oksaidi ni gesi iliyoundwa na atomi mbili za naitrojeni na moja ya oksijeni. Mwanasayansi Mwingereza Joseph Priestley aliitenga kwa mara ya kwanza mwaka wa 1772, na kufikia mwaka wa 1799 Humphry Davy alikuwa akiivuta mwenyewe ili kuchunguza athari zake. Kutokana na majaribio hayo ikapata jina la gesi ya kicheko, na baadaye ikaingia hospitalini kama dawa ya kupunguza maumivu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani waliitumia katika injini za ndege zilizoruka juu sana, mahali ambapo hewa ni nyepesi na injini hukosa pumzi. Matumizi yake katika magari ya mashindano yalienea hasa Marekani, ambako kampuni ya Nitrous Oxide Systems ilianzishwa mwaka wa 1978. Herufi za kwanza za jina hilo, NOS, ndizo zilizoenea kote ulimwenguni baada ya filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka wa 2001, hata vijana wengi wa Nairobi wakadhani kuwa hilo ndilo jina la gesi yenyewe.

Inafaa kusisitizwa mapema kwamba gesi hii si mafuta. Haiwaki. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Ndani ya silinda, joto kali huivunja molekuli yake na kuiachilia oksijeni iliyomo. Kwa uzito, takriban asilimia 36 ya gesi hii ni oksijeni, ilhali hewa ya kawaida ina asilimia 23 hivi. Aidha, gesi huhifadhiwa mtungini ikiwa kioevu chini ya shinikizo kubwa. Inapofyatuka na kugeuka kuwa mvuke huwa baridi mno, kwani huchemka kwa nyuzijoto 88 chini ya sufuri. Baridi hiyo hupoza hewa inayoingia, na hewa iliyopoa hushindiliwa kwa wingi zaidi ndani ya silinda.

Oksijeni ikiongezeka, petroli nayo sharti iongezeke. Kwa kawaida injini huhitaji kilo 14.7 za hewa ili kuchoma kilo 1 ya petroli bila kubakisha chochote. Kwa naitrasi oksaidi, kilo 9.6 hivi zinatosha kuchoma kilo hiyo hiyo moja. Maana yake ni kwamba kila gesi inapoingia, lazima petroli ya ziada iandamane nayo, na katika utendaji mafundi makini huizidisha kidogo ili iwe salama. Nguvu mpya ya gari hutokana na petroli hiyo ya ziada. Gesi ni ruhusa tu ya kuichoma.

Petroli ikipungua, mambo hugeuka. Joto ndani ya silinda hupanda kupita kiasi, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, injini huanza kugonga, ncha za plagi huyeyuka, na hatimaye pistoni hutoboka. Haya yote yanaweza kutokea kwa sekunde chache, kabla dereva hajatambua kuwa sauti imebadilika.

Kavu na bichi: maana ya istilahi

Waingereza na Wamarekani huigawa mifumo hii kwa maneno yenye maana ya ukavu na umajimaji. Mfumo ambao kinyunyizio chake hutoa gesi peke yake huitwa mkavu. Ule ambao kinyunyizio chake hutoa gesi pamoja na petroli huitwa wa majimaji, kwa kuwa njia ya hewa hulowa petroli. Mtafsiri wa Kiswahili anakabiliwa na maswali mawili.

Swali la kwanza ni kisawe cha umajimaji. Kusema mfumo wa maji kungepotosha kabisa, kwa sababu uko mtambo mwingine wa injini unaonyunyizia maji halisi ili kupoza silinda, na mteja angenunua kitu asichokikusudia. Neno oevu limekwisha kutwaliwa na wanajiografia katika ardhi oevu. Kilicholowa ni kielezo kirefu zaidi kuliko istilahi. Linalobaki ni neno ambalo wasemaji wanalo tayari. Nguo iliyotoka kufuliwa huitwa nguo mbichi hadi ikauke, na kuni zenye maji huitwa kuni mbichi. Kiswahili hukabilisha kavu na bichi katika mazingira haya haya ya unyevu. Kwa msingi huo, makala haya yanatumia mfumo mbichi. Ni kweli kwamba bichi pia humaanisha kitu ambacho hakijaiva, lakini hapana fundi atakayedhani kuwa vali ya chuma inasubiri kuiva.

Swali la pili ni gumu zaidi kwa sababu linaonekana rahisi. Kavu ni neno linalojulikana na kila mtu, na ndiyo maana linaweza kudanganya. Chukua mfano wa mteja anayeelezwa kwamba mfumo mkavu hautumii petroli. Maelezo hayo yana nusu ya ukweli, kwani kinyunyizio hakitoi petroli. Mteja akiyachukua kama yalivyo, atafunga mtungi, bomba na kinyunyizio, kisha atabonyeza swichi bila kuigusa kompyuta ya injini wala pampu. Atakuwa ameongeza oksijeni pasipo kuongeza cha kuchomwa.

Hata hivyo, Kiswahili kina matumizi mengine ya neno hili yanayoweza kumwokoa mteja huyo. Mtu anayekula mkate mkavu hali mkate usio na unyevu; anakula mkate usio na kitu cha kusindikizia. Chai kavu ni chai isiyo na kitafunio. Kavu hapa ni kitu kilichokuja bila mwenzake. Mfumo mkavu ni hivyo hivyo: gesi imekuja peke yake, na kitoweo chake lazima kipitie mlango mwingine. Fundi akieleza kwa mfano huo, mteja atauliza mwenyewe swali linalofaa, yaani, kitoweo kinatoka wapi?

Mfumo mkavu unavyofanya kazi

Katika mfumo mkavu, kinyunyizio kimoja hufungwa kwenye bomba la hewa, kabla ya kilango kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Petroli ya ziada huletwa na injekta zile zile zilizokuja na gari. Kuna njia mbili kuu za kuzifanya zitoe zaidi. Ya kwanza ni kuongeza shinikizo la petroli katika reli ya injekta wakati gesi inapofunguliwa. Ya pili, ambayo ndiyo hupendelewa zaidi leo, ni kuipanga upya kompyuta ya injini ili izifungue injekta kwa muda mrefu zaidi.

Mfumo huu una sifa kadhaa. Una vali moja tu ya umeme, hauhitaji bomba la petroli kuvutwa hadi kwenye njia ya hewa, na hufungwa kwa urahisi. Isitoshe, petroli humwagwa na injekta mlangoni mwa kila silinda, hivyo silinda zote hupata mgao wake. Njia ya hewa hubaki bila petroli, jambo ambalo ni muhimu sana katika magari ya kisasa ambayo manifoldi zake ni za plastiki na zimeundwa kupitisha hewa pekee.

Kasoro yake ni kwamba injekta zina kikomo. Injekta inayofunguka kwa takriban asilimia 80 ya muda wote haina akiba kubwa iliyobaki. Pampu ya petroli nayo ina kikomo chake. Kwa sababu hiyo, mfumo mkavu katika gari lenye vifaa vya kiwandani hufaa nyongeza ndogo, kwa mfano nguvu za farasi 35 au 50. Anayetaka zaidi ya hapo hulazimika kununua injekta kubwa na pampu yenye nguvu, na wepesi wa bei aliokuwa ameufurahia hutoweka.

Mfumo mbichi unavyofanya kazi

Mfumo mbichi una vali mbili za umeme, moja ya gesi na nyingine ya petroli. Vimiminika hivyo viwili hukutana kwenye kinyunyizio kimoja na kuingia pamoja. Kiasi cha kila kimoja hupimwa kwa jeti, yaani kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kipenyo maalumu. Akibadilisha jeti mbili, fundi huongeza au hupunguza nguvu bila kuigusa kompyuta. Methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari inafaa kuwekwa ukutani katika kila gereji inayofanya kazi hii, kwa maana fundi asiyeandika namba za jeti alizofunga hawezi kujua kesho kilichoharibu injini leo.

Ubora wa mfumo huu ni kwamba hautegemei injekta. Gari lenye kabureta, ambalo halina injekta hata moja, haliwezi kutumia mfumo mkavu wa aina iliyoelezwa hapo juu; kwake mfumo mbichi ndio njia. Hali kadhalika, nyongeza kubwa za nguvu za farasi 100 na zaidi hupatikana kwa wepesi zaidi kwa mfumo mbichi, maadamu pampu ina uwezo na viungo vya ndani vya injini vinastahimili.

Kasoro zake ni mbili. Kwanza, petroli husafiri katika njia iliyoundwa kwa ajili ya hewa. Kwenye kona za manifoldi, matone mazito hushindwa kukata kona pamoja na hewa, hujitenga na kutuama. Silinda moja hupata petroli nyingi na nyingine hupata haba. Iwapo petroli iliyotuama itashika moto, moto hurudi nyuma na unaweza kuipasua manifoldi. Ndiyo maana mfumo mbichi haufai kufunguliwa injini ikiwa katika mwendo wa chini, wakati hewa haijapata kasi ya kubeba matone. Mafundi wengi huweka swichi isiyoruhusu gesi kabla ya mizunguko 3,000 kwa dakika na kabla ya kilango cha hewa kufunguka chote. Pili, vali ya petroli ikikwama ilhali ya gesi imefunguka, mfumo mbichi hugeuka kuwa mkavu ghafla, tena mkavu ambao hakuna kompyuta iliyoarifiwa kuleta kitoweo. Kinga yake ni swichi ya shinikizo inayokata gesi mara tu shinikizo la petroli linaposhuka.

Ipo pia aina ya tatu ambayo kimsingi ni mfumo mbichi uliogawanywa: kila silinda hupewa kinyunyizio chake. Aina hii huondoa tatizo la mgao usio sawa, lakini ni ya gharama kubwa na huhitaji mkono wa fundi mzoefu. Hutumika zaidi katika magari ya mashindano matupu.

Nairobi ina hewa yake

Vijitabu vya watengenezaji huandikwa kwa kuzingatia hewa ya usawa wa bahari. Nairobi haiko huko. Katikati ya jiji pana kimo cha mita 1,660 hivi, na barabara ya Waiyaki inapopanda kutoka Westlands kupitia Kangemi na Uthiru kuelekea Kabete, kimo hupita mita 1,800. Kwenye kimo cha jiji, shinikizo la hewa ni takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Kwa hiyo injini isiyo na turbo iliyoandikiwa nguvu za farasi 110 kiwandani hutoa kama 90 tu jijini Nairobi. Dereva anayelalamika kuwa gari lake halivuti kwenye mlima wa Kangemi hasemi uongo.

Hali hii ina matokeo mawili yanayohusu uchaguzi wa mfumo. Tokeo la kwanza ni la kupendeza. Naitrasi oksaidi hubeba oksijeni yake yenyewe na husukumwa na shinikizo la mtungi, kwa hiyo kimo hakiipunguzii nguvu kama kinavyoipunguzia hewa. Nyongeza ya nguvu za farasi 50 juu ya 90 ni zaidi ya nusu ya nguvu zilizopo. Ni sababu ile ile iliyowapeleka wahandisi wa ndege kwenye gesi hii wakati wa vita.

Tokeo la pili ni la kuangaliwa kwa makini. Injekta za gari lisilo na turbo zilipimwa kiwandani ili zitosheleze hewa nzito ya pwani. Jijini Nairobi hewa ni pungufu, kompyuta huagiza petroli pungufu, na injekta hubaki na akiba ambayo zisingekuwa nayo Mombasa. Mfumo mkavu hula akiba hiyo. Gari linaweza kufungwa mfumo mkavu katika gereji ya Barabara ya Ngong, likajaribiwa, likapimwa moshi wake, na likaonekana salama kabisa. Kisha mwenyewe akalishusha Mombasa, safari ya kilomita 480 hivi, na kubonyeza swichi ile ile. Huko hewa nzito imekwisha kuidai akiba ya injekta. Gesi huingia kwa kiasi kile kile, injekta hufika kikomo, na petroli haitoshi. Hakuna kilichobadilishwa garini. Kilichobadilika ni hewa. Kwa hivyo mfumo mkavu uliopimwa Nairobi hauna budi kuchukuliwa kuwa umepimwa kwa ajili ya nyanda za juu pekee, hadi upimwe tena pwani.

Mfumo mbichi hauna tatizo hilo kwa kiwango hicho, kwani petroli yake ya ziada hupitia jeti yake na haigombanii injekta. Ingawa pampu bado ni moja na inahitaji kuchunguzwa, hesabu ya gesi na mwenzake hubaki ile ile kutoka Kabete hadi Likoni.

Jambo jingine la Nairobi ni baridi ya Julai. Shinikizo la mtungi hufuata joto. Kwenye nyuzijoto 20 mtungi huwa na shinikizo la baa 50 hivi. Kwenye nyuzijoto 10, ambazo si ngeni kwa alfajiri ya Julai magharibi mwa jiji, hushuka hadi 40. Kwenye nyuzijoto 30 hupanda na kupita 60. Watengenezaji wengi hupima jeti zao kwa shinikizo la baa kati ya 62 na 69. Asubuhi ya baridi gesi huja haba huku petroli ya ziada ikija vile vile, gari likatoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Mchana wa jua kali, mtungi uliofungiwa kwenye buti hutoa gesi kupita hesabu, na petroli ikawa ndiyo haba. Hatari ya kwanza ni hasara ya nguvu. Ya pili ni hasara ya injini. Kipimo cha shinikizo la mtungi, pamoja na kipasha joto cha umeme chenye kujizima chenyewe, si mapambo. Kuupasha mtungi kwa moto wa wazi ni kuhatarisha maisha.

Gari lipi, mfumo upi?

Uchaguzi unaweza kufafanuliwa kwa aina tatu za magari yanayofahamika barabarani na katika mashindano ya Kenya.

Aina ya kwanza ni magari ya kale yenye kabureta, mathalani Peugeot 504 na Datsun 160J, ambayo yalijizolea sifa katika mbio za Safari Rally katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haya yana njia moja tu, nayo ni mfumo mbichi. Bahati nzuri ni kwamba manifoldi zake ziliundwa tangu awali kupitisha hewa iliyochanganyika na petroli, kwa hiyo tatizo la kutuama si kubwa. Hata hivyo, umri wa injini unashauri nyongeza iwe ndogo.

Aina ya pili ni magari madogo yasiyo na turbo yenye injekta, hasa Toyota za lita 1.5 na 1.6 zilizoletwa zikiwa zimetumika kutoka Japani. Hapa mfumo mkavu wa nyongeza ndogo, ukiandamana na kompyuta iliyopangwa upya, ndio unaoelekea kufaa zaidi, hasa pale manifoldi inapokuwa ya plastiki. Sharti lake ni lile lililotajwa: mwenye gari ajue kwamba hesabu yake ni ya Nairobi.

Aina ya tatu ni magari yenye turbo, na hapa Subaru Impreza ndiyo inayotajwa kwanza na wapenzi wa kasi wa Nairobi. Turbo tayari hufidia sehemu ya upungufu wa hewa ya jiji, kwa hiyo injekta hazina ile akiba ya bure. Ikiwa mwenye gari amekwisha kubadilisha injekta na pampu, na kompyuta inaweza kupangwa, mfumo mkavu humpa udhibiti bora wa petroli katika kila silinda. Ikiwa vifaa ni vya kiwandani, basi mfumo mbichi wenye jeti ndogo ni salama kuliko mkavu unaokopa injekta zisizo na akiba. Vyovyote iwavyo, shinikizo ndani ya silinda huongezeka maradufu, kwa turbo na kwa gesi, na asiye na uwezo wa kugharamia pistoni imara hana haja ya kuanza safari hiyo.

Kwa aina zote tatu, masharti manne hayabadiliki. Cheche icheleweshwe kidogo. Kanuni ya jumla ya mafundi ni nyuzi 2 hivi kwa kila nguvu za farasi 50 zinazoongezwa. Plagi ziwe za aina inayopoa haraka. Kipima oksijeni kifungwe kwenye bomba la moshi ili petroli isomwe kwa namba, si kwa sikio. Na gesi ifunguliwe kwa vipindi vifupi tu. Kwa kukadiria, mtungi wa kilo 4.5 unaotumika kwa nyongeza ya nguvu za farasi 50 huisha baada ya dakika tatu au nne za matumizi halisi. Mwenye kununua atambue kwamba ananunua sekunde.

Usalama na sheria

Gesi ya magari si gesi ya hospitali. Aghalabu huchanganywa na kiasi kidogo cha dioksidi ya salfa ili ivutwapo iumize. Hata isipochanganywa, ikivuja katika gari lililofungwa madirisha huisukuma hewa nje, na aliyemo anaweza kupoteza fahamu kwa kukosa oksijeni ya kupumua. Ni kinaya kwamba gesi inayoipa injini oksijeni inaweza kumnyima dereva, lakini mapafu hayana joto la silinda la kuivunja molekuli yake. Mtungi ufungwe imara, na kidude chake cha usalama kinachopasuka shinikizo linapozidi kielekezwe nje ya gari kwa bomba.

Kuhusu mashindano, kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, huruhusu hewa pekee kuchanganywa na mafuta. Kwa hiyo magari yanayoshindania Safari Rally, iliyorejea katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, hayatumii gesi hii. Mahali pake ni viwanja vya mbio za moja kwa moja vyenye waandalizi, madaktari na wazima moto. Barabara za umma hazimo. Barabara ya Ngong si uwanja, wala barabara ya juu ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 2022 kati ya Mlolongo na Westlands, ambayo kikomo chake ni kilomita 80 kwa saa. Kadhalika, gari lililoongezewa nguvu bila bima kuarifiwa linaweza kumwacha mwenyewe mikono mitupu siku ya ajali.

Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mfumo mkavu na mfumo mbichi hutumia gesi ile ile kwa lengo lile lile, na kwamba kinachovitenganisha ni njia ya petroli. Mkavu huikopa petroli kwa injekta za gari, nao hufaa nyongeza ndogo, manifoldi za plastiki na kompyuta inayopangika. Mbichi huja na petroli yake, nao hufaa kabureta, nyongeza kubwa na gari linalosafiri kati ya nyanda za juu na pwani. Imeonekana pia kuwa hewa ya Nairobi inaweza kuuficha udhaifu wa mfumo mkavu hadi siku gari litakaposhuka.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, somo ni pana zaidi ya magari. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa mwaka wa 1990 ilithibitisha kwamba lugha hii inaweza kubeba dhana za sayansi. Lakini istilahi haikamiliki kwa kupata kisawe kamusini. Hukamilika pale mtumiaji anapoisikia na kutenda jambo sahihi. Mfumo mkavu ni istilahi nzuri mradi anayeitamka aongeze sentensi moja: gesi imekuja peke yake, mtafutie mwenzake. Sentensi hiyo haimo katika vijitabu vya Kiingereza wala vya Kijapani. Inaweza kutolewa na fundi wa Kirinyaga anayejua injini, akisaidiwa na mwanaisimu anayejua maneno, iwapo wawili hao watakubali kuketi juu ya boneti moja.